Bakteria Wanapojaa Katika Utumbo Mwembamba

Bakteria wa tumboni huwa na faida au madhara kulingana na mahali walipo. Utumbo mpana wa mtu mwenye afya huwa na bakteria zaidi ya bilioni 100 katika kila mililita ya vilivyomo, nao humsaidia kwa kuvunjavunja nyuzinyuzi ambazo mwili wenyewe hauwezi kuzimeng'enya. Sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, ambako virutubishi vingi hufyonzwa, kwa kawaida haina zaidi ya bakteria 1,000 katika kiasi hichohicho, na idadi hiyo inapopanda kupita kiasi mtu huanza kuugua.

Tofauti hiyo hulindwa kwa njia kadhaa. Asidi ya tumboni huua bakteria wengi wanaoingia na chakula, nyongo na kingamwili huwadhibiti wanaosalia, na vali iliyo kwenye maungio ya utumbo mwembamba na mpana huwazuia wa chini wasipande juu. Aidha, mtu anapokuwa hajala, mawimbi ya misuli hupita utumboni kila baada ya dakika 90 hadi 120 na kufagia mabaki. Ulinzi huo hulegea pale kisukari cha muda mrefu kinapoharibu neva zinazoongoza mawimbi, upasuaji au makovu yanapoacha vifuko na njia finyu, au dawa za kupunguza asidi, kama omeprazole, zinapotumiwa kwa muda mrefu.

Bakteria waliojaa hukiwahi chakula kabla mwili haujakifyonza. Huchachua wanga na kutoa gesi, ndipo tumbo hujaa na kunguruma. Huharibu chumvi za nyongo zinazohitajika kumeng'enya mafuta, hivyo mafuta hutoka na choo pamoja na vitamini A, D na E. Tena hutumia vitamini B12, ambayo ikipungua huleta upungufu wa damu na ganzi ya miguu. Kwa kuwa bakteria haohao hutengeneza foleti, damu yenye B12 kidogo na foleti nyingi humpa daktari fununu.

Hali hii huonekana pia kwa wagonjwa wa ini lililosinyaa na wa Parkinson, lakini kuonekana pamoja si ushahidi kwamba bakteria ndio chanzo, kwa sababu magonjwa hayo yenyewe hupunguza kasi ya utumbo. Barani Afrika, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu watoto waliodumaa wa Antananarivo na Bangui ulikuta bakteria wa kawaida wa kinywani na kooni wakiwa wamestawi katika utumbo wao mwembamba.

Kipimo kinachotumika zaidi ni cha pumzi: mgonjwa hunywa glukosi, kisha pumzi yake hupimwa haidrojeni, gesi ambayo seli za binadamu haziitengenezi, na ongezeko la sehemu 20 kwa milioni ndani ya dakika 90 huashiria tatizo. Tiba huanza kwa antibiotiki, hasa rifaximin, lakini dalili hurudi mara nyingi ikiwa chanzo hakijashughulikiwa. Kwa hiyo kuwapunguza bakteria ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kutafuta ulinzi uliolegea na kuurekebisha, iwe kwa kudhibiti sukari, kupitia upya dawa anazotumia mgonjwa, au kushughulikia sehemu ya utumbo iliyoziba.