Kidhibiti na Kipimo: Istilahi za Upimaji wa Programu za Wavuti

Tulipata kuletewa tafsiri ya ripoti ya kukabidhi mfumo wa kompyuta katika ofisi moja ya umma. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: "Wadhibiti wote wamefanyiwa majaribio na wamefaulu." Ofisa aliyeipokea aliuliza wadhibiti hao ni akina nani na waliajiriwa lini, maana kwake yeye aliye katika majaribio ni mtumishi mpya ambaye hajathibitishwa kazini. Swali hilo lilichekesha, lakini halikuwa la kipuuzi. Aliyetakiwa kutia sahihi ni yeye, na sentensi haikumweleza ni kitu gani kilichopimwa, wala kilipimwaje. Katika makala haya tunakusudia kueleza dhana zenyewe kwanza, kisha kupendekeza istilahi zake.

Dhana ya kidhibiti

Mwaka 1979 mtaalamu wa Norwei, Trygve Reenskaug, akiwa mgeni katika maabara ya Xerox PARC huko Marekani, alipendekeza programu igawanywe katika sehemu zenye kazi mbalimbali: sehemu inayotunza habari, sehemu inayozionyesha, na sehemu inayomuunganisha mtumiaji na mfumo. Mwezi Mei alitumia neno lenye maana ya "mhariri". Kufikia Desemba mwaka huohuo alikuwa ameleta neno lenye maana ya "kidhibiti", na mhariri akabaki kuwa aina yake maalumu. Hata waasisi, basi, huhangaika na majina.

Mgawanyo huo ulichukuliwa baadaye, pamoja na mabadiliko, na watengenezaji wa programu za wavuti. Humo kidhibiti ni sehemu inayopokea ombi la mtumiaji, ikatazama ni nani aombaye na anaomba nini, ikaagiza habari zitolewe au zihifadhiwe, kisha ikarudisha jibu. Jibu huandamana na namba: 200 kwa ombi lililotimizwa, 302 kwa mtumiaji anayeelekezwa ukurasa mwingine, 403 kwa anayekatazwa, 404 kwa kitu kisichopatikana.

Wako wanaotafsiri "mdhibiti". Hatuafiki. Kiambishi m- cha ngeli ya watu humfanya msomaji atafute mtu, na mdhibiti mashuhuri serikalini ni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Kiambishi ki- hutaja chombo, kama katika kizibo na kifuniko. Kwa hiyo tunapendekeza kidhibiti, wingi vidhibiti.

Jaribio, mtihani, uhakiki au kipimo?

Hapa ndipo penye uzito. Tuchukue mfano wa mfumo unaowaonyesha watumishi hati zao za mshahara. Mtumishi afunguapo hati yake, anwani ya ukurasa huishia na namba, tuseme 15. Je, akiibadili namba hiyo kuwa 16 ataiona hati ya mwenzake?

Watumishi wanaweza kuutumia mfumo huo kwa majuma mawili pasipo kuigundua kasoro hiyo, kwa kuwa mtu mwaminifu hana sababu ya kubadili namba. Mwandishi wa programu, kwa upande wake, huandika maelekezo mafupi yanayoiamuru kompyuta kujifanya mtumiaji na kulikagua jibu:

(i) Asiyeingia kwa nywila akiomba hati namba 15, aelekezwe kwenye ukurasa wa kuingilia. Jibu liwe 302.

(ii) Mwenye hati namba 15 akiiomba, aipate. Jibu liwe 200.

(iii) Huyohuyo akiomba hati namba 16, akatazwe. Jibu liwe 403, na kiasi cha mshahara wa mwenzake kisionekane popote katika jibu hilo.

Kila moja lina hatua tatu: kutayarisha data za mfano, kutuma ombi, na kulinganisha jibu na lile lililotarajiwa. Maelekezo haya huendeshwa tena kila programu inapobadilishwa, ili marekebisho ya leo yasivunje kilichokuwa kizima jana.

Hayo yaitweje? "Jaribio" latokana na kujaribu, nalo hubeba wazo la kutenda pasipo kuwa na hakika ya matokeo. Ndiyo maana twasema jaribio la mapinduzi. Lafaa kwa yale majuma mawili ya watumishi. "Mtihani" ni wa mwanafunzi. "Uhakiki" una kazi zake katika fasihi na katika ukaguzi wa vyeti. Limebaki "kipimo". Ni kweli kwamba kilo na mita pia ni vipimo, lakini Mswahili aendaye hospitali hupewa kipimo cha malaria, nacho humjibu kuwa anayo au hana. Kazi yetu ni ya namna hiyo. Tunapendekeza kipimo kwa maelekezo yenyewe, upimaji kwa kitendo, na kipimo cha kujiendesha pale inapobidi kukitofautisha na kinachofanywa kwa mkono.

Ile kauli iliyomo ndani ya kipimo, kama "jibu liwe 403", wengine huiita "thibitisho". Lakini thibitisho limekwisha kuthibitika, hali kauli hii yaweza kuonekana si kweli, na hapo kipimo huanguka. Twaona dai linafaa zaidi. Isitoshe, mwandishi mwangalifu huliondoa katazo kwa makusudi ili aone kipimo kikianguka, kwa maana kipimo kisichoweza kuanguka hakipimi kitu.

Mipaka ya kipimo

Mtafsiri aangalie pia upana wa kipimo. Katika Ruby on Rails, mfumo wa kuundia programu za wavuti uliotolewa mwaka 2004, kidhibiti kilizoeleka kupimwa peke yake, hata vigeu vyake vya ndani vikichunguliwa. Tangu toleo la 5 la mwaka 2016, inapendekezwa ombi lipitie njia yote lipitayo kwa mtumiaji halisi, na kinachokaguliwa ni jibu. Cha kwanza tunakiita kipimo cha sehemu. Cha pili, kipimo cha muungano. Mtafsiri asiyatumie majina haya kwa kubadilishana, maana kufaulu kwa kimoja si hoja ya kufaulu kwa kingine.

Sasa turudi kwa ofisa wetu. Sentensi yake ingeweza kuandikwa hivi: "Vidhibiti vyote vimeandikiwa vipimo vya kujiendesha, na vipimo hivyo vimefaulu." Hapo angejua la kuuliza: je, kipo kipimo cha mtu anayeomba hati isiyo yake? Swali hilo halihitaji ujuzi wa kompyuta. Lahitaji Kiswahili kinachosema kitu kimoja kwa neno moja. Walimu na watafsiri wenye maneno bora kuliko haya tunawaomba watuletee, pamoja na sentensi wanamoyatumia.