Joto la Nyumbani ni Jambo la Ulinzi

Askari hufunzwa tangu siku za ukuruta kwamba adui wa kuchungwa zaidi ni yule ambaye hakuna amdhaniaye kuwa adui. Joto ni adui wa namna hiyo. Tunalifahamu joto la gwaride na la safari ndefu za mazoezi, na dhidi yake tuna kivuli, chupa ya maji na amri ya afande ya kupumzika. Lakini joto linalokaa ndani ya nyumba, linalomkuta mtu akiwa amelala kitandani mwake, wachache wetu tumelitia katika hesabu ya hatari.

Tutazame Base Camp, yalipo makao makuu ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, kusini ya Mbarara. Makazi hayo yaliyoanzishwa mwaka 1958 ni miongoni mwa ya kale zaidi barani Afrika, na yanahifadhi watu zaidi ya 100,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Base Camp yenyewe imekwisha kuwa mji mdogo wenye maduka na soko. Mgeni anapofika hujenga kwa miti na turubai; akipata nguvu husimamisha kuta za udongo; akijaliwa zaidi huezeka bati. Bati ni maendeleo: halioti kuvu, halishiki moto upesi kama nyasi, na mvua haipenyi. Hatuna sababu ya kulidharau. Hata hivyo, lina tabia yake, na anayeishi chini yake hana budi kuijua.

Nakivale iko takriban digrii moja tu kusini ya mstari wa ikweta. Jua la saa sita hupita karibu na utosi, na kwa hiyo sehemu ya nyumba inayolipokea kwa wingi ni paa. Wakati wa kiangazi hewa ya nje mara nyingi huwa chini ya digrii 30 za sentigredi, au huzidi hapo kidogo tu, na msafiri atokaye Juba au Mombasa atasema kwamba nchi hii ni ya baridi. Lakini bati tupu lililopigwa jua tangu asubuhi huwaka hata mkono hauwezi kulishika, nalo huteremsha joto lake chini. Pasipo dari wala tundu la hewa, waliomo ndani huwa kama wali uliopaliwa makaa: moto u juu yao. Turubai ni baya zaidi, kwa kuwa hunasa joto na kuzuia upepo kwa wakati mmoja. Wazee wa Ankole walioezeka nyasi nene, na wale wa Lamu na Unguja waliojenga kuta pana za mawe ya matumbawe na dari za juu, walilielewa jambo hili pasipo kufundishwa na mtu.

Je, ni nani akaaye nyumbani saa nane ya mchana? Ni bibi mzee asiyeweza kutembea, mzazi na mtoto wake mchanga, mgonjwa, na mlemavu. Pia ni sisi. Askari aliyelinda usiku kucha hurudi asubuhi kulala, na usingizi wake huangukia saa zile zile ambazo bati limewaka. Waliopata kuishi katika unipoti, vile vibanda vya bati vya mviringo ambavyo vizazi vya polisi wa Uganda vimevijua, hawahitaji kuelezwa. Mtu huyo huamka amelowa jasho, kichwa kizito, kisha jioni hukabidhiwa bunduki na kuambiwa awe macho. Uchovu wa namna hiyo hupunguza wepesi wa kuona na kuamua, na kosa la mwenye silaha halina udogo.

Nchi tajiri nazo zimefunzwa somo hili kwa uchungu. Katika jimbo la British Columbia, nchini Kanada, watu 619 walikufa kwa joto mwaka 2021, na karibu wote, asilimia 98, walipatwa wakiwa ndani ya majengo. Wengi walikuwa wazee, na zaidi ya nusu waliishi peke yao. Mjini Chicago, Marekani, watu zaidi ya 700 walikufa mwezi Julai 1995. Miongoni mwao walikuwamo wazee waliofunga milango na madirisha kwa kuogopa wezi, na joto likawaua ndani ya komeo zao wenyewe.

Hapo ndipo jambo hili linapoingia katika kazi yetu. Mtu asiyeamini usalama wa mtaa wake hafungui dirisha, na mwanamke anayeogopa usiku hatatoa mkeka nje ili apate upepo. Doria njema, inayopita kwa saa zake na kuwaheshimu raia, hufungua madirisha ambayo fundi hawezi kuyafungua. Askari wa doria akijua ni nyumba zipi zina mzee aishiye peke yake, akabisha hodi wakati wa jua kali na kumwuliza hali kwa Kiswahili kinachoeleweka na wengi pale Base Camp, amelinda maisha bila kufyatua risasi.

Makambini mwetu nako yako mengi yasiyongoja bajeti kubwa. Mji wa Ahmedabad, nchini India, baada ya joto la mwaka 2010 lililoua watu zaidi ya 1,300, ulianza mpango wake mwaka 2013, na baadaye mapaa ya maskini yakapakwa chokaa nyeupe ili kurudisha mwanga wa jua. Chokaa ipo hata kwetu. Dari ya mikeka au magunia chini ya bati huzuia joto kushuka. Matundu mawili yanayotazamana, moja chini na moja juu, huipa hewa njia. Jiko la mkaa lipikiwe nje, kwani huongeza joto na moshi wake huua. Mti upandwe upande wa magharibi, ambako jua la alasiri hupiga. Na makamanda wawatengee askari wa zamu ya usiku mahali penye kivuli pa kulala mchana.

Mwisho, kila askari azijue dalili: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, kisha kuchanganyikiwa au kuzimia. Mgonjwa apelekwe kivulini, avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji mwilini na kupepewa, huku akitafutiwa usafiri wa kumpeleka kwa daktari. Aliyezimia asinyweshwe kitu.

Ndugu askari, tumeapa kulinda watu na mali zao. Nyumba ni boma la mwisho la mnyonge. Tusikubali bati lake limgeukie.