Yungiyungi la Kenilworth

Wengi wetu tunaoishi Washington na vitongoji vyake huenda Kenilworth mwezi wa Julai kutazama mayungiyungi. Mabwawa hayo, yaliyo kando ya mto Anacostia, yalianzishwa na W. B. Shaw miaka ya 1880, na serikali ikayanunua mwaka 1938. Ni vyema kwenda asubuhi, maana mengi hufumba mchana.

Msimu uliopita nilipiga picha ya ua jeupe lenye ncha za waridi. Lilikuwa kivulini, na mwanga wa kivulini hutoka angani, basi picha ikawa ya samawati. Nikaanza kuichezea kwenye simu. Nilipoongeza umanjano kidogo, weupe ukarudi. Nilipoondoa rangi zote, mishipa ya petali ikaonekana vizuri. Kisha tamaa ikanishika: nikazidisha wekundu hata mikunjo ikapotea, nikafuta matope na majani yaliyooza, nikampelekea mama yangu Tanga.

Akanipigia simu. "Mwanangu, hili ni ua la plastiki? Maji yake yako wapi?"

Nikaona haya, nikampelekea ile ya kwanza.

"Hili nalijua," akasema. "Haya, na wewe hujambo kweli?"

Siku hiyo nilimweleza mambo yangu yote, na matope yake.

Basi wenzangu, zichezeeni picha mpendavyo, ila ya asili msiifute. Ipo siku watoto watauliza bwawa lilikuwaje.