Mbuga Ipewe Haki Yake

Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, wilayani Kahama katika Mkoa wa Shinyanga, ulianza uzalishaji mwaka 2009, ukakoma mwaka 2021. Eneo lake limetengwa liwe eneo maalumu la kiuchumi, mahali pa viwanda, maghala na maofisi. Jambo hili ni jema, kwani dhahabu huisha, lakini watu wanaohitaji kazi hubaki. Hata hivyo, liko swali ambalo yatupasa kuliuliza kabla saruji haijamwagwa: majengo ya namna hiyo, kutoka Kahama hata Geita, yatakaaje na mbuga?

Hatusemi mbuga ya wanyama. Twasema yale mabonde tambarare ya Usukumani yenye udongo mweusi, ambayo hutuama maji wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Udongo huo huvimba ukilowa, hunywea ukikauka. Ukuta uliosimamishwa juu yake bila msingi wa kufaa hupasuka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa mbuga huzibwa mwaka huu, ukarudi mwaka ujao.

Mkulima wa Kisukuma aliyajua haya bila kusomea uhandisi. Nyumba yake aliijenga juu, penye udongo wa kichanga uitwao luseni. Huko chini alitengeneza majaluba, akayazuia maji ya mvua, akapanda mpunga. Msanifu wa majengo asione haya kujifunza kwake.

Basi majengo na yakae kwenye mwinuko. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, zisichomwe na jua la asubuhi na la jioni. Baraza ziwe pana ili mfanyakazi apate kivuli. Maji ya mapaa yakingwe matangini. Maji ya barabara na nyuani yapite kwanza katika vidimbwi vyenye matete, yaache humo tope na mafuta, ndipo yateremke mbugani. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kuweka mpaka wa mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Mpaka huo usiwe wa kwenye karatasi tu.

Tutazame jirani zetu wa Kampala. Bonde la Nakivubo lilichuja kwa miaka mingi maji machafu ya mji kabla hayajafika Ziwa Victoria, katika ghuba ile ile ambamo mji huchota maji ya kunywa. Bonde lilipovamiwa na mashamba, nyumba na viwanda, uwezo wake ulipungua, na gharama ya kusafisha maji ikawaangukia wananchi.

Mfanyakazi wa kiwandani na mkulima wa majaluba mara nyingi ni watu wa nyumba moja. Haifai mmoja apate mshahara kwa kuunyima mpunga wa mwenziwe maji. Maji hufuata mkondo. Mchoraji wa ramani na aanze kwa kuuchora mkondo huo, kisha ndipo achore kuta.