Nyumba ya miti isiyomaliza miti

Siku hizi mtu akitaka kusifiwa kijijini kwamba amejenga, lazima ajenge kwa tofali la kuchoma. Akijenga kwa miti, watu husema huyo bado yuko nyuma. Sisi tunaona jambo hili tulitazame upya, hasa huku kwetu Kiloleli.

Tofali la kuchoma linachomwa kwa nini? Kwa kuni. Tanuru moja huwaka usiku na mchana, na magogo yanaingia tu. Moto ukizimika, miti imekwisha kuwa majivu na moshi, na mwenye nyumba anasema, "Mimi sikutumia miti." Kumbe ametumia, ila haionekani. Nguzo ya nyumba ya miti inaonekana. Unaweza kuihesabu, na ukiihesabu unajua utapanda mingapi badala yake.

Sisi wa Bariadi tunajua nchi isiyo na miti ikoje. Zamani vichaka vilifyekwa ili kufukuza mbung'o, kisha mashamba ya pamba yakaongezeka na mifugo pia. Mkoa wa Shinyanga, ambao Bariadi ilikuwa ndani yake kabla ya mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012, ulifika mahali pa kuitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wataalamu wa mpango huo hawakuleta jambo geni. Walirudisha ngitili, ambayo wazee walikuwa nayo: sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua, majani yakue, ifunguliwe kiangazi ng'ombe wakiwa na njaa. Ngitili ikifungwa, visiki huchipua. Hapo ndipo fito na nguzo zetu zinapotoka. Basi mtu anayeiba kuni za tanuru katika ngitili anakata nyumba ya mjukuu wake.

Sasa tuseme umeamua kujenga kwa miti. Adui wa kwanza ni mchwa, wa pili ni maji. Mafundi wengi huchimba shimo, wakasimamisha nguzo, wakafukia udongo. Hapo umemwekea mchwa chakula mlangoni kwake. Baada ya miaka michache nguzo imelika chini, nyumba inainama, na mwenye nyumba anarudi porini na shoka. Hivi ndivyo nyumba ya miti inavyomaliza miti: kwa kujengwa upya kila mara.

Jenga msingi wa mawe kwanza. Mawe Usukumani tunayo, tena mengi. Msingi uinuke juu ya ardhi kama kimo cha goti, na nguzo zikae juu yake, zimefungwa imara kwa chuma kilichojengewa ndani ya msingi ili upepo usizing'oe. Mchwa wa ardhini hapendi mwanga. Akitaka kufikia mti atajenga njia yake ya udongo juu ya jiwe, nawe utaiona. Ikwangue mara moja. Kagua msingi kila wiki, kama unavyokagua kupe kwenye ng'ombe.

Miti yenyewe ikatwe kiangazi. Imenywe magamba siku zile zile, kwa sababu chini ya gamba ndipo wadudu hutaga mayai. Ipangwe kivulini juu ya mawe, hewa ipite katikati, ikae miezi kadhaa hadi ikauke. Mti mbichi ukijengewa hupinda na kupasuka, halafu watu wanamlaumu fundi bure. Ukinunua mbao za msonobari, kama zile zinazotoka Sao Hill kule Mufindi, ujue ni laini na mchwa huzipenda. Uliza kama zimenyweshwa dawa kiwandani. Vipande vya mbao zilizonyweshwa dawa usivipikie kabisa! Dawa nyingine zina sumu, na moshi wake ni hatari kwa mama na watoto walio jikoni.

Mahali pa kujenga pana maana kubwa. Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na nyumba juu yake hupasuka nao. Mbuga iachie mpunga. Jenga pale juu penye luseni au penye mawe. Usisawazishe kilima kizima, wala usikate mkwaju uliopo ili nyumba ionekane barabarani. Nyumba ikae nyuma ya mti, jua la saa tisa lizuiwe. Pande fupi zielekee mashariki na magharibi, maana huko ndiko jua linakopiga ukuta. Paa litokeze nje ya ukuta kiasi cha hatua moja, mvua isifikie udongo. Ukuta ukandikwe kwa udongo wa hapo hapo, na rangi yake itafanana na kilima bila gharama. Ua uwe wa minyaa kama zamani. Ng'ombe hawaili, na fito za kujengea ua kila mwaka hutazihitaji tena.

Wako watakaosema huu ni ushamba. Hebu watembelee Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, karibu na Mwanza, waone nyumba za asili zilivyopangwa kwa akili. Au waulize habari za hoteli ya Lobo, huko kaskazini mwa Hifadhi ya Serengeti. Imejengwa kwa mawe na mbao katikati ya majabali, hata ukiwa mbali huitambui haraka. Wageni huvuka bahari na kulipa fedha nyingi ili walale humo.

Mwenye kutaka tofali pia ana njia. Yako matofali ya kufungana, ya udongo na saruji kidogo, yanayoshindiliwa kwa mashine na kukaushwa bila moto. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi uliwahi kufundisha vikundi kuyatengeneza.

Lakini turudi kwenye hesabu. Tuseme nyumba yako inataka nguzo 40. Panda mijohoro 60 pembeni mwa shamba, maana mingine itakufa na mingine italiwa na mbuzi. Mjohoro ukikatwa huchipua tena. Acha machipukizi mawili yaliyonyooka, mengine punguza uyafanye kuni. Mkaratusi hukua haraka, ila usiupande karibu na kisima, kwa sababu hunywa maji mengi. Kabla ya kukata mti wa porini, pita kwanza ofisi ya serikali ya kijiji na kwa Bwana Misitu upate kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadai hivyo, na kwa mti kama mninga adhabu yake si ya mchezo. Ngitili ya kijiji nayo ina taratibu zake, na sungusungu wanazijua vizuri.

Ukipenda mwarobaini, mti ambao mchwa hauli kwa urahisi, okota mbegu zikiwa mbichi chini ya mti. Osha nyama yake, anika kivulini siku mbili tatu, kisha panda upesi. Ukizihifadhi miezi mingi ndani ya kopo, nyingi hazitaota.