Nyumba ya Mji wa Kale hufa kuanzia darini

Kaskazi ikivuma, kati ya Januari na Machi, nyundo husikika juu ya nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa, kuanzia Kibokoni hadi vichochoro vya nyuma ya Ndia Kuu. Hiyo ndiyo miezi ya kuezua. Aprili masika huingia, na Mei humwaga mvua kuliko mwezi mwingine wowote kisiwani. Mwenye nyumba anayeanza kuezua mwishoni mwa Machi anahatarisha kila kilicho chini ya paa lake, na mara nyingi cha jirani pia, maana kuta nyingi huku zimegusana.

Watu huzitazama nyumba hizi wakiwa chini. Husifu milango ya nakshi, roshani za mbao, madirisha. Mimi ningependa watazame juu kwanza. Ukuta wa matumbawe na chokaa waweza kukaa miaka mia na zaidi ukiwa mkavu kichwani. Ukianza kunywa maji kutoka juu, hauchukui muda mrefu.

Dari ya asili, ambayo ndiyo iliyokuwa paa, ilijengwa kwa subira. Boriti za mikoko zililazwa karibu karibu, ukuta hadi ukuta. Boriti moja inafaa kwa takriban mita mbili na nusu hadi tatu, na ndiyo sababu vyumba vya zamani ni virefu lakini vyembamba: mkoko ndio ulioamua upana. Juu yake yalipangwa mawe ya matumbawe, kisha likamwagwa zege la chokaa na kokoto, likapigwa na kupigwa mpaka likashikana. Dari ilipewa mwinamo kidogo kuelekea kwenye mlizamu. Kisiwa hakina mto, kwa hiyo maji ya juu hayakuachwa yapotee. Hata Wareno, walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, walitengeneza birika la kukingia mvua ndani ya ngome.

Dari ya namna hiyo inataka mtu wa kuitunza. Chokaa hufanya nyufa nyembamba, nazo zinapaswa kuzibwa kwa chokaa kabla ya kila masika. Utunzaji ukikatika, maji huteremka kimya kimya hadi pale boriti inapoingia ukutani. Katikati ya chumba boriti huonekana nzima, imara, hata imepakwa rangi. Kumbe kichwa chake kilichofichwa ndani ya ukuta kimekwisha kuoza au kuliwa na mchwa. Fundi anayeijua kazi hatosheki na kutazama kutoka chini. Hugonga kila boriti karibu na ukuta na kusikiliza, kisha hutoboa plasta kidogo aone kichwa chenyewe. Ukipata fundi anayekupa bei ya paa bila kuingia chumba cha juu na kugonga, tafuta mwingine.

Karne ya 19 ilileta jawabu lililobadilisha sura ya mji. Mabati yalifika kwa meli, na wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi wakaleta vigae. Mnamo 1865 wamisionari wa Basel walianzisha kiwanda cha vigae Mangalore, na vigae vya huko vikavuka bahari hadi pwani yetu. Wengi hawakuivunja dari ya zamani. Waliinua paa la mteremko juu yake, wakaacha nafasi katikati. Kwangu mimi huo ndio ujenzi wenye akili kuliko wote uliowahi kufanywa juu ya nyumba hizi. Mvua hupokewa na bati au kigae. Jua la mchana huishia hapo hapo, upepo wa bahari hupita katikati, na chumba cha chini hubaki na ubaridi wake. Adui zetu ni chumvi, joto na maji ya ghafla, na paa la tabaka mbili linawakabili wote watatu.

Basi anayebadilisha paa leo ajue kuwa kazi ni mbili: kuponya dari, kisha kuifunika. Akifunika bila kuponya, ameficha ugonjwa.

Kwenye bati kuna mambo ya kushikilia. Namba ya geji ikiwa ndogo, bati ni nene: geji 28 ni nene kuliko 30, na geji 32 sipendi kuiona karibu na bahari. Bati lenye mchanganyiko wa zinki na alumini hustahimili chumvi kuliko lenye zinki pekee. Likatwe kwa mkasi wa bati, kwa sababu cheche za mashine hutua juu ya rangi, na kila cheche huwa doa la kutu. Lisilazwe juu ya chokaa mbichi, kwani chokaa hula zinki na alumini pia. Misumari iwe na mpira chini ya kofia. Mlizamu uelekezwe kwenye tangi au mfereji, usimwage maji kwenye ukuta wa jirani.

Wengine huona yote haya ni usumbufu, wakaamua kubomoa dari na kumwaga slabu. Nawaelewa. Slabu haihitaji chokaa ya kila mwaka, na juu yake mtu huota ghorofa ya kupangisha. Lakini zege lina uzito wa kama kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo slabu ya sentimita 15 ni kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Dari ya chokaa nayo haikuwa nyepesi. Tofauti ni kwamba ilitikisika pamoja na kuta zake. Slabu ni ngumu, ukuta ni laini, na mahali zinapokutana ndipo ufa huanza. Nondo ndani ya zege hupata kutu kwa hewa ya chumvi, huvimba, na kulipasua zege kutoka ndani. Na ghorofa ya ziada huja na mzigo ambao msingi haukuombwa kuubeba. Unguja, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafariki. Jengo kongwe halikubali kuguswa bila kupimwa.

Kwa hiyo kibali kisionekane kama adha. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, Makavazi ya Kitaifa yana ofisi yake ya uhifadhi hapa, na kaunti ndiyo inayotoa idhini ya ujenzi. Malalamiko ya wakazi kuhusu gharama na kungoja yana uzito. Boriti zenyewe ni adimu. Mikoko mingi ya Kenya iko Lamu, kuisafirisha nje kulipigwa marufuku mwaka 1982, na Februari 2018 ukataji katika misitu ya umma ulisimamishwa, wakata mikoko nao wakaguswa. Kuulinda msitu ni haki, ila nyumba zilizojengwa kwa mkoko nazo ni urithi. Pangetengwa kiasi kidogo cha boriti, kila mwaka, kwa matengenezo ya Mji wa Kale na Lamu pekee, zikatolewa kwa anayeonyesha kibali.

Lililo gumu kuliko boriti ni mirathi. Nyumba moja yaweza kuwa na warithi ishirini, wengine Muscat, wengine London, na hakuna anayetaka kulipia paa la mwenzake. Kodi ya chumba hukusanywa kila mwezi, ndoo huwekwa chini ya tone, na kikao cha familia huahirishwa hadi Idi ijayo. Wakfu zilizowekwa vizuri zililiona hili mapema: matengenezo hutolewa kwanza katika mapato, kinachobaki ndicho kigawiwacho. Familia zinaweza kuandikiana hivyo hivyo bila kungoja wakfu wala kadhi. Sehemu ya kodi iingie akaunti ya paa, mmoja ashike daftari, na fundi aitwe Desemba, kabla bei ya bati haijapanda na kabla hajachukuliwa na wengine.