Kahawa Gani Ubebe Mlimani? Hesabu ya Gramu, Shilingi na Usingizi

Wanachuo wenzangu, likizo fupi ikikaribia tu, makundi ya WhatsApp yanaanza kujaa maswali: nani anatoka, tunapanda wapi, tunabeba nini. Mahema yanajadiliwa siku nzima. Viatu vinajadiliwa. Mchele na maharage vinapigiwa hesabu mpaka punje ya mwisho. Kahawa ndiyo inaachwa hadi dakika ya mwisho: mtu anapita dukani kwa Mangi, anachukua chochote kilicho mbele ya macho, safari inaanza.

Mimi ni mwanafunzi wa ualimu, mwaka wa tatu, na kwa safari kadhaa sasa kundi letu limenipa kazi ya kupanga vyakula. Katika kazi hiyo nimeona kwamba kahawa, pamoja na udogo wake, inagusa mambo ambayo mtu mwenye begi mgongoni hawezi kuyapuuza: uzito, pesa, usalama wa maji, kichwa na usingizi, na takataka. Ngoja niyaeleze moja baada ya jingine. Mfano nitakaotumia ni safari inayopendwa sana na watembea kwa miguu: Lushoto hadi Mtae, juu ya milima ya Usambara. Tuseme ni watu 10, siku 3, kila mtu vikombe viwili kwa siku. Jumla ni vikombe 60.

Uzito: piga hesabu kabla ya kufunga begi

Dukani kuna aina tatu zinazochanganywa sana, na kwa sababu nyumba nyingi zinaita kila kahawa ya kopo "Africafe", ni rahisi kununua usichokusudia.

Ya kwanza ni kahawa ya kusaga, yaani buni zilizokaangwa na kusagwa. Hii haiyeyuki. Inahitaji kuchemshwa na kuchujwa, na kikombe kimoja kinakula kama gramu 10. Vikombe 60 ni gramu 600, bado hujahesabu chujio. Halafu kuna machicha yake. Yakishalowa maji yanakuwa mazito kuliko unga uliokuja nao, na mstaarabu hayamwagi kando ya kijito.

Ya pili ni kahawa ya papo hapo isiyochanganywa na kitu. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 2, na hicho kinatosha kikombe. Vikombe 60 ni gramu 120 tu. Umeokoa karibu nusu kilo, na hakuna machicha.

Ya tatu ni ile ya mchanganyiko, yenye kahawa, sukari na unga wa krimu ndani ya pakiti moja. Pakiti zake nyingi zina gramu 15 hadi 20. Tuchukue 18: mara 60 ni gramu 1,080, zaidi ya kilo. Ukisoma viambato, utaona sukari au krimu ndiyo imetajwa mwanzo, na kahawa inakuja nyuma. Kwa haki, hiyo sukari ungeibeba hata hivyo kama unakunywa kahawa tamu. Ila sukari iliyofungwa ndani ya kahawa haigawanyiki. Asiyetumia sukari hana pa kwenda, na anayetaka uji asubuhi hawezi kuichomoa humo. Mimi nabeba kahawa kivyake na sukari kivyake. Sukari hiyo hiyo inaingia kwenye chai, kwenye uji, na kwenye maji ya mtu aliyeishiwa nguvu mlimani.

Nusu kilo inaweza kuonekana kitu kidogo ukiwa hosteli. Lakini katika kundi kila gramu ina mgongo wake, na mara nyingi vitu vya jumuiya huishia kwa mwaka wa kwanza asiye na ujasiri wa kukataa. Ndiyo maana nasema kupunguza uzito wa chakula ni suala la haki kabla halijawa suala la starehe.

Inatengenezwaje?

Ukielewa inavyotengenezwa, utaelewa kwa nini bei zinatofautiana. Kiwandani hupikwa kahawa ya kawaida, nzito sana, kisha maji yanaondolewa na kuachwa kile kilichokuwa kimeyeyuka ndani yake. Maji yanaondolewa kwa njia mbili kuu.

Njia ya kwanza ni kuipuliza kahawa hiyo kama manyunyu ndani ya mnara wenye hewa ya moto. Matone yanakauka yakiwa hewani na kuanguka chini kama unga laini. Ni njia ya haraka na ya bei nafuu, ila ule moto unapeperusha sehemu ya harufu. Baadhi ya viwanda huulowesha unga huo kidogo kwa mvuke ili ushikane na kuwa chengachenga.

Njia ya pili ni kuigandisha kahawa iwe barafu ngumu, kuivunjavunja, kisha kuiweka kwenye chumba kilichoondolewa hewa. Humo barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji. Waliosoma fizikia kidato cha nne wanaukumbuka mchakato huu. Kwa kuwa hakuna moto mkali, harufu inabaki vizuri zaidi. Kinachobaki ni vipande vyenye kona kona, vya rangi ya kahawia iliyopauka. Bei yake iko juu kwa sababu mitambo na umeme wake ni ghali. Usidanganywe na umbo peke yake, maana chengachenga za mvuke nazo zinaweza kupendeza machoni. Soma lebo.

Bidhaa hii tangu zamani imefungamana na watu wanaobeba mizigo yao. Nescafé ilianza kuuzwa Uswisi mwaka 1938, baada ya Brazil kukwama na shehena kubwa ya kahawa isiyokuwa na soko. Muda mfupi baadaye vita kuu ya pili ikaja, na kahawa ya papo hapo ikaingia kwenye posho za askari wa Marekani. Askari na mpanda mlima wana shida moja: kitu chepesi, kisichooza, kinachohitaji maji tu.

Na hapa kwetu? Bukoba kuna kiwanda cha Tanica, katikati ya mkoa wa Kagera unaolima zaidi robusta. Kilimanjaro, Mbeya na Mbinga wanalima zaidi arabika. Robusta ni chungu zaidi na ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kahawa fulani "inapiga", huenda si hisia tu. Wahaya, kwa upande wao, walitatua tatizo la uzito zamani kabla ya kiwanda chochote: matunda ya kahawa yanachumwa mabichi, yanachemshwa, yanakaushwa, kisha mgeni anakaribishwa atafune. Haihitaji jiko, sufuria wala maji. Mwenzetu mmoja wa Karagwe huja nayo kila safari, na ikinyesha tukashindwa kuwasha jiko, yeye ndiye mfalme wa kambi.

Pesa: usiangalie bei ya kopo

Bumu likichelewa, kila mtu anakuwa mchumi. Lakini wengi tunalinganisha bei ya kopo na bei ya pakiti ndogo, ambavyo havilinganishiki. Linganisha bei ya kikombe: chukua bei, gawanya kwa gramu, zidisha kwa 2. Tuseme kopo la gramu 100 linauzwa shilingi 8,000. Kila gramu ni shilingi 80, kwa hiyo kikombe ni shilingi 160. Tuseme pakiti ndogo ya gramu 2 ni shilingi 300. Kwa vikombe 60, ya kopo itagharimu 9,600 na ya pakiti 18,000. Namba hizi ni za mfano, weka za duka lako, ila kanuni ndiyo hiyo.

Pakiti ndogo zina faida moja ya kweli: hazipati unyevu. Kahawa ya papo hapo inafyonza unyevu wa hewa upesi, na kwenye misitu ya mvua kama Magamba kopo linalofunguliwa kila saa litakupa donge gumu kama jiwe. Dawa yake ni rahisi. Liache kopo nyumbani, hamishia kahawa kwenye vichupa viwili vidogo vya plastiki vyenye kifuniko cha kukaza, vikavu kabisa. Kimoja kinatumika, cha pili kinabaki kimefungwa. Na kijiko kiwe kikavu! Kijiko kilichotoka kwenye mvuke wa kikombe kikarudi kichupani ndicho kinachoharibu kahawa ya watu kumi.

Maji: kuyeyuka si kuchemka

Hapa naomba umakini. Kahawa ya papo hapo inayeyuka hata kwenye maji ya baridi, ukiikoroga kwanza na maji kidogo ndipo uongeze mengine. Hilo linawafanya watu wachote maji ya kijito, wakoroge, wanywe. Rangi nyeusi na uchungu wa kahawa haviui vijidudu vya kuharisha. Kama unataka kahawa ya baridi, tumia maji yaliyokwisha kuchemshwa au kutibiwa.

Ukipanda juu, maji yanachemka kwa joto la chini zaidi, takribani nyuzi moja kwa kila mita 300. Kwenye mita 2,000 yanachemka karibu nyuzi 93. Kwenye mita 4,700, usawa wa kambi za mwisho za Kilimanjaro, ni kama nyuzi 84. Kwa kahawa yetu hilo si tatizo, inayeyuka vizuri tu. Kwa usalama, ushauri wa kiafya ni kuacha maji yatokote dakika 1, na ukiwa juu ya mita 2,000, dakika 3. Hesabu gesi yako ukijua hivyo.

Kichwa na usingizi

Kikombe cha kahawa ya papo hapo kina kafeini kama miligramu 60, kikipungua au kuzidi kidogo kulingana na aina na kijiko chako. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiwango kinachotajwa kuwa salama kwa siku ni hadi miligramu 400. Vikombe viwili au vitatu havina shida. Shida ni saa. Baada ya saa tano hivi, karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini. Anayekunywa saa 2 usiku ili apige stori kwenye moto, saa 7 usiku anahesabu nyota, na kesho anaburuta miguu nyuma ya kundi zima. Kwenye kundi letu kahawa inafungwa saa 9 alasiri. Baada ya hapo ni tangawizi au mchaichai.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mtu aliyezoea kahawa kila siku akiiacha ghafla anaweza kuanza kuumwa kichwa ndani ya saa 12 hadi 24. Usambara atavumilia. Lakini juu ya mita 2,500 kichwa kuuma ni dalili mojawapo ya ugonjwa wa mwinuko, na huo unaua. Ukiacha kahawa siku ile ile unayoanza kupanda Meru au Kilimanjaro, umejinyima ishara muhimu, kwa sababu hutajua kichwa kinauma kwa nini. Basi ama endelea na kiasi chako cha kawaida, ama punguza taratibu wiki moja au mbili kabla. Na kahawa si tiba ya mwinuko. Kichwa kikiuma huko juu, usimwambie mwenzako "piga kikombe, utakuwa freshi". Mwambie kiongozi wa msafara, msipande zaidi, na hali ikizidi kuwa mbaya, shukeni.

Takataka

Vikombe 60 vya pakiti ndogo ni pakiti 60 tupu. Hizo pakiti zinazong'aa ndani zina tabaka za plastiki na madini, haziozi, na upepo unazipenda. Tanzania imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu Juni 1, 2019, ila vifungashio kama hivi bado viko kila mahali, na vijiji tunavyopitia vinaishi na tulichokiacha. Mtoto wa Rangwi akiokota pakiti yako njiani kwenda shule, amejifunza kitu kuhusu wasomi wa chuo kikuu. Kama lazima ubebe pakiti, zihesabu mnapoondoka, na zihesabuni tena mnaporudi.

Kwa hiyo nanunua ipi?

Kwa kundi: kahawa ya papo hapo halisi, kopo la kawaida la hapa nchini, ikahamishiwa vichupani, sukari pembeni. Kwa anayetoka peke yake siku moja au mbili: pakiti ndogo chache zisizo na mchanganyiko, hapo tofauti ya bei ni ndogo. Kwa mwenye pesa na ulimi mchaguzi: ile iliyokaushwa kwa barafu, lakini aionje kwanza hosteli, kwenye kikombe cha bati atakachokibeba, kwa maji ya moto na ya vuguvugu. Na vyovyote itakavyokuwa, ipimeni kwenye mizani ya duka kabla ya kufunga mabegi, mkiwa wote mmesimama pale, kisha mkubaliane nani anabeba nini. Safari ijayo ya kundi letu ni ya watu 14 kwa siku 4. Hiyo ni vikombe 112, kama gramu 224, na vichupa vitakuwa vinne. Kimoja nitakibeba mimi, na vitatu vitakwenda kwa walio na mabegi mepesi kuliko wote.